Wazee Walipoketi Langoni

Ukiisoma Biblia kwa makini utaona kwamba habari za malango zimejaa kila mahali. Lutu alikuwa ameketi langoni pa Sodoma wale malaika wawili walipofika jioni (Mwanzo 19:1). Kuhani Eli alianguka kando ya lango la Shilo akafa, aliposikia kwamba sanduku la Mungu limetwaliwa (1 Samweli 4:18). Mordekai alikuwa akiketi langoni pa mfalme (Esta 2:19). Mume wa yule mwanamke mwema wa Mithali 31 anajulikana langoni. Naye Ruthu, mjane Mmoabi, mambo yake yote yaliamuliwa langoni, siku ambayo yeye mwenyewe alikuwa nyumbani akisubiri na mkwewe.

Wengi wetu tukisoma maneno hayo huwaza geti la nyumbani: chuma, kufuli na mbwa anayebweka. Ndipo tunapojiuliza: Je, watu wazima wenye heshima zao walikuwa wakifanya nini kukaa getini mchana? Hawakuwa na mashamba? Je, mume wa mwanamke yule mwenye bidii alikuwa mvivu wa kukaa kijiweni, huku mkewe akiamka kabla ya mapambazuko?

La, sivyo. Mwezi huu tumeona vema tulitazame jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa msomaji asiyejua lango lilikuwa nini hapitwi na habari za kuta na makomeo tu. Anapitwa pia na jambo kubwa ambalo Mungu aliwadai watu wake: mnyonge akifika langoni asikilizwe.

LANGO LILIJENGWAJE?

Katika nyakati za Agano la Kale mji ulikuwa mdogo kuliko miji tunayoijua sisi. Nyumba zilisongamana ndani ya ukuta, vichochoro vilikuwa vyembamba, na mashamba, mizabibu na malisho vilikuwa nje. Ukuta ulikuwa ulinzi wa wote. Lakini ukuta hauwezi kukosa mahali pa kupitia, na mahali hapo ndipo adui alipopatafuta kwanza. Kwa hiyo lango lilijengwa kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine yoyote ya mji.

Usidhani lilikuwa mlango mmoja tu. Lilikuwa jengo kamili. Mtu aliyeingia alipita katika njia yenye vyumba huku na huku. Juu au kando palikuwa na minara ya walinzi. Milango yenyewe ilikuwa ya mbao nzito, miwili inayokutana katikati, nayo ilifungwa kwa makomeo makubwa. Miji yenye nguvu iliifunika milango hiyo kwa shaba ili isiteketezwe kwa moto. Katika miji mingine njia ya kuingilia ilipinda kabla ya kufika ndani, ili adui asiweze kuja mbio moja kwa moja.

Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua malango kadhaa ya namna hiyo. Huko Hazori, Megido na Gezeri, miji mitatu ambayo Biblia inasema Sulemani aliijenga (1 Wafalme 9:15), yameonekana malango yenye vyumba sita, vitatu kila upande. Wataalamu bado wanabishana kama yote matatu ni ya siku za Sulemani au mengine ni ya baadaye, lakini jinsi yalivyojengwa inaonekana wazi. Huko Dani, kaskazini kabisa mwa nchi, lipo lango la matofali ya udongo lenye matao, lililojengwa zaidi ya miaka 1,700 kabla ya Kristo. Liligunduliwa mwaka 1979, na tao zake zilikuwa bado zimesimama.

Mji wa Lakishi katika Yuda ulikuwa na lango kubwa sana, karibu mita 24 kila upande. Wachimbaji walipomaliza kulifukua, habari zake zikatangazwa mwaka 2016. Ndani ya vyumba vyake walikuta nini? Mabaraza ya kukalia yaliyojengwa kandokando ya kuta. Huko Dani nako, penye lango la siku za wafalme wa Israeli, lipo baraza la mawe, na karibu yake jukwaa dogo ambalo huenda lilikuwa mahali pa kiti cha mfalme au mwamuzi.

Hapo msomaji wa Kiswahili ana bahati ya pekee. Katika lugha yetu neno "baraza" ni kile kibao cha mawe mbele ya nyumba za pwani ambapo watu huketi na kuzungumza. Tena baraza ni kikao cha wazee wanaoamua mambo. Neno ni moja, kwa sababu watu walioketi pale ndio walioamua. Mwebrania naye aliposema "langoni" alimaanisha yote mawili: mahali pa kupita, na watu walioketi pale kuhukumu.

KWA NINI WALIKUTANA PALE?

Sababu ni nyepesi. Kila asubuhi watu walitoka kwenda mashambani, na kila jioni walirudi kulala ndani ya ukuta. Wote walipita mahali pamoja. Ukitaka kumwona mtu fulani, huna haja ya kuzunguka mji mzima ukibisha hodi. Kaa langoni alfajiri, naye atapita.

Kwa hiyo langoni, au katika uwanja ulio karibu nalo, palikuwa na soko. Samaria ilipozingirwa na Washami mpaka watu wakafa njaa, Elisha alitabiri kwamba kesho yake unga mzuri na shayiri vitauzwa kwa bei nafuu langoni pa Samaria (2 Wafalme 7:1). Langoni habari zilipokelewa. Daudi aliketi kati ya malango mawili akingoja neno la vita, na mlinzi akapanda juu ya dari ya lango kutazama njia (2 Samweli 18:24). Mwaka 1935, katika chumba cha lango la Lakishi, zilichimbuliwa barua zilizoandikwa kwa wino juu ya vigae vya vyungu. Ziliandikwa siku za mwisho za ufalme wa Yuda, kabla Wababeli hawajauteketeza mji. Katika moja yake mwandishi anasema wanatazamia ishara za Lakishi, kwa maana hawaoni tena zile za Azeka. Mtu aliyeshika kigae hicho mkononi alikuwa langoni, akisubiri habari kama Daudi.

Manabii nao walisimama langoni, kwa kuwa huko ndiko waliko wasikilizaji. Yeremia aliagizwa asimame katika malango ya Yerusalemu, wanamoingia na kutoka wafalme na watu wote (Yeremia 17:19).

Lakini kazi iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa hukumu. Wazee wa mji waliketi langoni, na kila mwenye shauri alilipeleka kwao. Aliyeua mtu bila kukusudia alikimbilia mji wa makimbilio, akasimama penye lango na kuwaeleza wazee habari yake kabla ya kupokewa (Yoshua 20:4). Hata mzazi mwenye mwana mkaidi hakuruhusiwa kumhukumu peke yake nyumbani kwa hasira zake. Ilibidi baba na mama, wote wawili, wamlete mbele ya wazee langoni (Kumbukumbu la Torati 21:19). Tafadhali tazama vema: na mama pia. Neno la baba peke yake halikutosha.

Je, waona hekima yake? Siku hizo watu wachache walijua kusoma, na mikataba ya karatasi haikuwapo. Kilichosimama badala ya muhuri ni macho na masikio ya watu. Jambo likifanyika chumbani, kesho mtu atalikana. Likifanyika langoni, mji mzima ni shahidi.

Abrahamu alilijua hilo. Sara alipokufa, Abrahamu alikuwa mgeni asiye na hata hatua moja ya ardhi ya kumzikia mkewe. Efroni Mhiti alisema atampa shamba bure. Abrahamu hakukubali. Alipima shekeli 400 za fedha, mbele ya watu wote walioingia langoni pa mji ule, na shamba la Makpela pamoja na pango na miti yake likawa mali yake kwa ushahidi wao (Mwanzo 23:10-18). Kaburi la Sara halikutegemea fadhila ya mtu ambaye watoto wake wangeweza kusema baadaye, "Baba yetu hakutoa."

SHAMBA LA NAOMI

Hakuna habari inayotuonyesha kazi ya lango kwa uzuri kuliko sura ya 4 ya kitabu cha Ruthu.

Naomi alikuwa amerudi Bethlehemu mikono mitupu. Mumewe amekufa, wanawe wawili wamekufa, na aliyebaki naye ni mkaza mwana, tena Mmoabi. Lilikuwapo shamba la marehemu Elimeleki. Lakini shamba bila mwanamume wa kulisemea langoni ni nini? Wajane hao wawili walikuwa wakila masazo ya mavuno ambayo Ruthu aliokota nyuma ya wavunaji.

Boazi alitaka kuwakomboa, lakini palikuwa na jamaa aliye karibu kuliko yeye. Angeweza kumwita mtu huyo kando, wakanong'onezana, wakagawana. Hakufanya hivyo. Alikwenda langoni akaketi. Yule jamaa akapita, kama ilivyokuwa lazima apite, na Boazi akamwita aketi. Kisha akawaita wazee 10 wa mji, nao wakaketi. Ndipo akalitoa neno lake waziwazi.

Shamba? Jamaa akasema atalikomboa. Na Ruthu, mjane wa marehemu, ili jina la aliyekufa lisipotee katika urithi wake? Hapo mtu yule akarudi nyuma. Aliogopa kuuharibu urithi wake mwenyewe. Shamba alilitaka, mjane hakumtaka.

Dada msomaji, je, hujawahi kumwona mtu wa namna hiyo? Yupo kila kizazi. Siku ya mazishi huulizia hati ya kiwanja kabla hajauliza watoto watakula nini.

Tofauti ni kwamba huko Bethlehemu alilazimika kusema hivyo mbele ya watu. Hakuweza kuchukua shamba kimyakimya na kuwaacha wajane njiani, kwa sababu wazee 10 walikuwa wameketi wakisikiliza. Akavua kiatu chake akampa Boazi, kama ilivyokuwa desturi, na mambo yakaisha. Watu wote waliokuwapo langoni, pamoja na wazee, wakasema kwamba wao ni mashahidi. Tena wakambariki yule Mmoabi wasiyekuwa na undugu naye, wakimwombea awe kama Raheli na Lea walioijenga nyumba ya Israeli.

Jambo moja zaidi. Yule mtu aliyeogopa kuuharibu urithi wake, Biblia haikulitaja jina lake. Lakini jina la Ruthu limeandikwa katika kitabu cha uzao wa Yesu Kristo (Mathayo 1:5).

MJANE ALIYEPEWA NJIA

Huenda utasema, "Ruthu alimpata Boazi. Je, asiye na Boazi?"

Swali hilo ni la haki, na Torati ilikuwa imeliwaza. Katika Kumbukumbu la Torati 25:5-10 tunasoma habari za mjane asiye na mtoto ambaye shemeji yake amekataa kuidumisha nyumba ya marehemu. Mjane huyo hakuambiwa anyamaze. Hakuambiwa atafute mwanamume wa kumsemea. Aliambiwa apande mwenyewe langoni kwa wazee, aseme shauri lake kwa kinywa chake. Wazee walipaswa kumwita yule mwanamume na kusema naye. Akishikilia kukataa, mjane alimvua kiatu mbele ya wazee, akamtemea mate usoni, na tangu siku hiyo nyumba ya mtu yule iliitwa nyumba ya aliyevuliwa kiatu.

Tunajua kwamba katika makabila yetu mengi desturi ya kurithi wajane imeleta machozi, na mara nyingine ugonjwa na kifo. Hatusemi desturi za kale zirudishwe. Tunachotaka uone ni hiki: katika sheria ile mjane hakuwa mzigo unaogawanywa pamoja na ng'ombe na vyombo. Alikuwa mtu mwenye shauri, mwenye sauti, na mwenye njia iliyo wazi mpaka langoni.

Ayubu, alipozikumbuka siku zake njema, hakuanza na ngamia wake. Alikumbuka alivyotoka kwenda langoni na kuweka kiti chake katika uwanja, vijana wakampisha na wazee wakasimama. Na kwa nini walimheshimu? Kwa sababu alimwokoa maskini aliyelia na yatima asiye na msaidizi, akaufanya moyo wa mjane uimbe kwa furaha (Ayubu 29:7-13). Heshima ya mzee wa langoni ilipimwa kwa wajane wake.

LANGO LILIPOHARIBIKA

Lakini mahali penye nguvu hapakosi wezi wake. Mwana wa Daudi, Absalomu, alikuwa akiamka mapema na kusimama kando ya njia ya lango. Kila aliyekuja na shauri kwa mfalme alimwita, akamwambia kwamba shauri lake ni jema ila hakuna wa kumsikiliza, akamkumbatia na kumbusu (2 Samweli 15:2-6). Hakumtetea mjane hata mmoja. Alikuwa akiiba mioyo ya watu. Hapo tunajifunza kwamba si kila anayetukumbatia langoni anatutakia haki. Wengine wanatafuta kiti.

Karibu miaka 750 kabla ya Kristo akaja Amosi, mchungaji kutoka Tekoa. Alipowatazama watu wa Israeli hakuona upungufu wa sadaka wala wa nyimbo. Nyimbo zilikuwa nyingi. Alichokiona ni wazee waliokula rushwa na kumpotosha maskini langoni, watu waliomchukia kila aliyewakemea pale. Kwa kinywa chake Bwana alisema hapendezwi na sikukuu zao, na akadai haki isimamishwe langoni (Amosi 5:10-24).

Neno hili ni zito. Mungu alilisikiliza lango kabla ya kuisikiliza kwaya. Mjane akirudi kutoka kwa wazee analia, sauti yake ilifika juu kabla ya sauti ya vinubi. Na Yerusalemu ulipoangamizwa, mmojawapo wa misiba iliyoombolezwa ni kwamba wazee hawako tena langoni (Maombolezo 5:14). Mji usio na mahali pa kusikilizwa umekwisha kufa, hata kama watu wake wangali wanapumua.

WANAWAKE NA MALANGO

Walioketi katika baraza la langoni kwa kawaida walikuwa wanaume. Hilo hatulifichi. Lakini ukisoma vizuri utawaona wanawake wakilizunguka lango pande zote.

Ndugu zake Rebeka walipomwaga aende kuolewa, walimbariki kwamba uzao wake umiliki lango la wale wawachukiao (Mwanzo 24:60). Baraka hiyo ya bibi arusi inaweza kutushangaza, lakini sasa twaielewa: anayelishika lango ameushika mji. Katika Mithali, Hekima anasemwa kama mwanamke, naye anapaza sauti yake penye malango (Mithali 8:1-3). Na Mithali 31 haiishii kwa mume aliyeketi na wazee wa nchi. Mstari wa mwisho kabisa unataka matendo ya mwanamke mwenyewe yamsifu malangoni. Mume anajulikana pale katika mstari wa 23, na kufikia mstari wa 31 ni kazi ya mke inayosemwa barazani.

Nehemia alipoujenga upya ukuta wa Yerusalemu, mwaka 445 hivi kabla ya Kristo, aliorodhesha kazi lango kwa lango: Lango la Kondoo, Lango la Samaki, Lango la Bondeni, Lango la Jaa, Lango la Chemchemi na mengine. Katikati ya majina hayo yumo Shalumu, mkuu wa nusu ya mtaa wa Yerusalemu, aliyejenga sehemu yake pamoja na binti zake (Nehemia 3:12). Mabinti wa mkuu wakibeba mawe! Na kazi ilipokwisha, Ezra aliisoma Torati mbele ya Lango la Maji, tangu mapema asubuhi hata adhuhuri, mbele ya wanaume na wanawake (Nehemia 8:1-3). Siku ile langoni kila mwenye akili ya kufahamu alikuwa na nafasi ya kusikia.

JE, KULIKUWA NA LANGO LA "TUNDU LA SINDANO"?

Wasomaji wengi wamesikia mahubiri yanayosema kwamba Yerusalemu ulikuwa na kilango kidogo kilichoitwa Tundu la Sindano, na kwamba ngamia aliweza kupita akitolewa mzigo na kupiga magoti. Mfano huo unapendeza, lakini hakuna ushahidi wa siku za Yesu kwamba kilango hicho kilikuwapo. Hata kuta na malango ambayo msafiri huyaona leo katika Yerusalemu ya kale, sehemu kubwa yalijengwa katika karne ya 16, enzi ya Sultani Suleimani wa Kituruki. Bwana alisema ngamia, na alisema sindano. Wanafunzi walielewa hivyo, ndiyo maana walishangaa mno wakauliza ni nani basi awezaye kuokoka. Naye akawajibu kwamba kwa Mungu yote yawezekana (Mathayo 19:24-26). Tusiulegeze mfano wake kwa kuongeza kilango.

LANGONI PA NAINI

Sasa twende katika mji mdogo wa Galilaya uitwao Naini (Luka 7:11-15).

Makutano mawili yalikuwa yakikaribiana. Moja lilikuwa likiingia, Yesu na wanafunzi wake na watu wengi. Jingine lilikuwa likitoka, limebeba jeneza. Yakakutana karibu na lango.

Luka anatuambia mambo mawili juu ya maiti yule: alikuwa mwana pekee kwa mamaye, na mamaye ni mjane. Tukiwa tumejifunza maana ya lango, maneno hayo yanatuchoma zaidi. Zaburi ya 127 husema kwamba mwenye wana hataaibika wakati wanaposema na adui langoni. Mama huyu alikuwa na mmoja tu. Mume wa kumsemea hayupo. Sasa mwana wa kumsemea anapitishwa katika lango lile lile, akiwa amelala. Mwanamke huyu alikuwa akimzika mwanawe, na pamoja naye alikuwa akiizika sauti yake. Kesho mtu akisogeza mpaka wa shamba lake, nani ataketi langoni na kusema, "Huyu ni mama yangu"?

Hakumwomba Yesu neno lolote. Bwana alipomwona tu alimhurumia. Akamwambia asilie, akaligusa jeneza, na waliolibeba wakasimama. Kijana akaketi, akaanza kusema. Kisha Luka anaongeza neno dogo ambalo tusilipite: Yesu akampa mama yake. Alimrudishia mjane mtoto wake, na msemaji wake, penye lango la mji.

Yesu mwenyewe hakutendewa hivyo. Mwandishi wa Waebrania anatukumbusha kwamba aliteswa nje ya lango (Waebrania 13:12). Waliohukumu walimtoa nje, mahali pa watu wasio na wa kuwasemea. Hakuna mwanamke aliyefukuzwa, awaye yote, ambaye Bwana wake hajui jinsi nje kulivyo.

MALANGO YETU

Miji yetu haina kuta tena, lakini malango yapo. Ni ofisi ya kijiji ambapo mjane amesimama tangu asubuhi na bahasha yake. Ni kikao cha ukoo baada ya arobaini. Ni mahakama ya mwanzo. Ni kamati ya kanisa. Ni sebule zetu wenyewe, pale msichana wa kazi anapotaka kusema jambo nasi tunamwambia tuna haraka.

Katika kila lango la namna hiyo yuko anayeketi na yuko anayesimama. Siku nyingine sisi ndio tunaosimama. Basi tukumbuke kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyemwonyesha mjane njia ya kupanda kwa wazee. Kudai haki kwa adabu na kwa ukweli si ukaidi wala si kukosa imani. Twende mchana, twende na mashahidi, na makubaliano yaandikwe. Abrahamu alikuwa rafiki wa Mungu, na bado alipima fedha yake mbele ya watu.

Siku nyingine sisi ndio tunaoketi. Hapo tusijidanganye kwamba mambo ya mirathi ni ya wanaume. Mara ngapi wifi na mama mkwe ndio waliotoa vyombo vya mjane nje? Mara ngapi jirani alijua shamba ni la nani, akanyamaza ili asigombane na watu? Langoni pa Bethlehemu watu wote walisema kwamba wao ni mashahidi. Kushuhudia hakukuwagharimu fedha. Kuliwagharimu kufungua kinywa, na kwa sababu hiyo wajane wawili walipata nyumba.

Biblia inafunga habari za malango kwa mji ambao Yohana aliuona ukishuka kutoka mbinguni. Una malango 12, matatu kila upande, na kila lango ni lulu moja. Malango hayo hayafungwi kamwe mchana, wala huko hakuna usiku (Ufunuo 21:12-25). Watu wa kale walioufunga mji kila jioni kwa hofu wangeelewa mara moja uzuri wa neno hilo. Mpaka siku hiyo ifike, malango machache yamewekwa mikononi mwetu. Tusimfungie nje mtu ambaye Bwana amemtuma kwetu na shauri lake.

Kwa mazungumzo ya kikundi

1. Soma Ruthu 4:1-12. Kama Boazi angezungumza na yule jamaa faraghani, wajane wale wangeweza kupatwa na nini?

2. Katika mtaa au kijiji chenu, mjane mwenye shauri aanzie wapi? Je, wanawake wa kikundi chenu wanapajua mahali hapo, na yuko wa kumsindikiza?

3. Soma Amosi 5:21-24. Je, lipo jambo katika jamii yetu ambalo tumelinyamazia huku tukiendelea kuimba?

4. Je, hati za nyumba, shamba na ndoa katika familia yako ziko mahali unapopajua? Zungumza na mumeo juu ya jambo hili wiki hii.